Ndoa ya bomani na mwenza kutoka nchi nyingine

Ukishakubaliana na mwenzako kwamba mnaoana, na mwenzako huyo anatembea na pasipoti ya nchi nyingine, swali la kwanza utakaloulizwa na kila mtu ni tarehe. Mama anataka kuijua awaarifu dada zake, mashangazi wanataka kushona sare, na mwenzako mwenyewe huko aliko anataka kukata tiketi ya ndege kabla bei haijapanda. Usiitaje bado. Ndoa ya serikali hapa Tanzania Bara ni jambo rahisi, halina gharama kubwa, na shughuli yenyewe mbele ya msajili inaweza kwisha kabla ya chai ya saa nne. Kinachokula muda ni karatasi, hasa za yule anayetoka nje. Karatasi ndizo zinazopanga tarehe, nanyi mnaipokea.

Nazungumzia Bara kwa makusudi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo msingi wa karibu kila kitu nitakachokueleza, haitumiki Zanzibar. Kama mnatamani kufungia ndoa ufukweni Nungwi au Paje, taratibu za kule ziulizeni kule kule, tena mapema.

Bado wapo wanaoiona ndoa ya bomani kuwa ni ya waliotoroka wazazi, au ya waliobanwa na ujauzito. Waache waseme. Sheria hiyo ya 1971 inazitambua ndoa zinazofungwa kiserikali, kidini na kimila, na mke wa bomani ana haki zilezile za mke aliyefunga ndoa kanisani au msikitini. Kwa watu wa nchi mbili tofauti, boma lina faida nyingine: hakuna anayelazimika kubadili dini ili mambo yaende, na cheti mnachopewa ni cha serikali moja kwa moja, kitu ambacho balozi na ofisi za nje hukielewa bila maelezo marefu.

Lipo jambo moja ambalo watu hulipita haraka kwenye fomu, nalo ni aina ya ndoa. Sheria yetu inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Inayofungwa bomani huchukuliwa kuwa ya mke mmoja isipokuwa ithibitike vinginevyo; ile ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo. Zungumzeni hilo mkiwa wawili, nyumbani, si mbele ya karani. Kama mwenzako anatoka nchi isiyotambua ndoa ya wake wengi, neno hilo moja kwenye fomu linaweza kumletea maswali mazito kwao siku atakapotaka ndoa yenu itambulike.

Na ujichunguze mwenyewe. Kama miaka iliyopita ulifunga ndoa ya kanisani, ya bomani au ya kimila, mkaachana kwa maneno tu, kila mmoja akashika njia yake, kisheria bado una ndoa. Kutengana si talaka, hata mkikaa mbalimbali miaka kumi. Nenda mahakamani ukaimalize kwanza.

Anza na jina lako

Karatasi za Mtanzania si nyingi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, pasipoti kama unayo, picha ndogo chache, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unakoishi. Aliyewahi kufunga ndoa ataongeza hukumu ya talaka, na aliyefiwa na mwenza ataongeza cheti cha kifo. Ofisi nyingine huomba pia hati ya kiapo yenye mhuri wa kamishna wa viapo, inayosema kwamba huna ndoa nyingine. Vyote hivi mtu huweza kuvikusanya bila taabu kubwa, mpaka jina likwame.

Na jina hukwamisha wengi. Tandaza vyeti vyako mezani, uvisome herufi kwa herufi. Tuseme kwenye cheti cha kuzaliwa umeandikwa Asha Juma. Kwenye kitambulisho cha Taifa ni Asha Juma Mrisho. Kwenye pasipoti, Mrisho limekwenda kwenye mstari wa jina la ukoo na Asha Juma yamekaa mstari mwingine. Kwenye cheti cha kidato cha nne mtu aliandika Aisha, nawe hukujali kwa sababu kazi ulipata. Hapa kwetu hakuna anayeshangaa: Juma ni baba, Mrisho ni babu, na Asha na Aisha ni mtu yuleyule. Lakini cheti chako cha ndoa kitakuja kusomwa na karani wa Stuttgart au Minneapolis, ambaye kwao mtu ana jina lake na jina la ukoo, basi. Kwake yeye, Asha Juma na Aisha Mrisho ni wanawake wawili, na atataka kujua yupi kati yao ndiye aliyeolewa.

Kosa la herufi kwenye cheti cha kuzaliwa hurekebishwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Tofauti ya majina kati ya cheti na cheti huelezwa kwa hati ya kiapo, na anayebadili jina kabisa humtafuta wakili amwandalie hati ya kubadili jina, kisha isajiliwe. Ukishamaliza, shika kanuni moja: jina utakaloandika bomani liwe lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama mtaani hakuna anayekuita hivyo. Mwenzako naye afanye hivyo hivyo.

Kwa kina dada: hakuna sheria hapa inayokulazimisha kuchukua jina la mume kwa sababu mmeoana. Kama mnategemea kuomba visa muda mfupi baada ya ndoa, ningekushauri ubaki na jina lako kwanza. Kubadili jina maana yake ni pasipoti mpya, kitambulisho kipya na akaunti ya benki kurekebishwa, na yote hayo yataangukia wiki zilezile ambazo ubalozi unataka kukuona na karatasi zinazolingana.

Neno pia kuhusu cheti cha kuzaliwa kilichopatikana ukubwani. Wengi wetu tulizaliwa na kukua bila cheti, tukakitafuta tulipokihitaji. Hapa nchini ni halali kabisa, ila baadhi ya balozi hukitilia shaka kwa sababu hakikutolewa karibu na siku ya kuzaliwa. Weka pamoja nacho ushahidi wa zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba. Kama kadi ya kliniki iko kijijini kwenye sanduku la bibi, mwombe mtu akuletee sasa, si wiki ya safari.

Cheti cha kutokuwa na kizuizi

Upande wa mwenzako ndiko iliko kazi kubwa. Mbali na pasipoti yake, visa au kibali cha kuwepo nchini na cheti chake cha kuzaliwa, ataulizwa karatasi kutoka serikali ya kwao, au ubalozi wake, inayothibitisha kwamba yuko huru kuoa au kuolewa. Ndiyo huitwa cheti cha kutokuwa na kizuizi. Msajili wetu hawezi kufungua madaftari ya nchi nyingine akatazama kama mtu huyu ana mke kule, kwa hiyo anategemea karatasi hii. Wewe pia unapaswa kuitegemea.

Kila nchi ina njia yake. Mjerumani huomba cheti kiitwacho Ehefähigkeitszeugnis kwenye Standesamt, ofisi ya usajili wa vizazi na ndoa ya mji anakoishi. Ofisi hiyo haitazami karatasi zake peke yake. Itataka na zako: cheti cha kuzaliwa, uthibitisho kwamba huna ndoa, na hukumu ya talaka kama uliwahi kufunga ndoa, zikiwa na tafsiri ya Kijerumani inayotambulika. Maana yake ni kwamba karatasi zako husafiri kwanza kwenda Ujerumani, ndipo cheti chake kije huku. Kwa uthibitisho wa upande wako, ofisi ya kuuliza ni RITA. Cheti hicho cha Ujerumani kikishatolewa kina uhai wa miezi 6. Uthibitisho wa Sweden, unaotolewa na mamlaka yao ya kodi, una uhai wa miezi 4 tu. Kwa hiyo ukichelewesha karatasi yako unampotezea mwenzako muda, na mwenzako akiwahi kuchukua cheti chake kabla wewe hujawa tayari, kinaweza kufa mikononi mwake mkaanza upya.

Mmarekani hana cheti cha namna hii, kwa sababu serikali yake haina daftari moja la ndoa la nchi nzima. Anachofanya ni kula kiapo cha maandishi mbele ya ofisa wa ubalozi wao kwamba hana ndoa. Mweleze karani wa boma mapema kwamba utaleta kiapo badala ya cheti, asije akakisubiri kitu kisichokuwepo.

Kwa majirani mambo ni mepesi zaidi. Mkenya huomba cheti chake kwa Msajili wa Ndoa, ambaye huduma zake zinapatikana kupitia eCitizen. Mganda huomba kwenye ofisi ya usajili ya kwao, maarufu kwa kifupi cha URSB. Usidhani tu kwamba kwa kuwa mwenzako anazungumza Kiswahili na anavuka mpaka wa Namanga au Mutukula kila mwezi, boma halitamwona kuwa mgeni. Litamwona. Na mkimbizi asiyeweza kukanyaga ubalozi wa nchi aliyoikimbia asikate tamaa wala asiandike uongo. Aanze kwa watoa msaada wa kisheria, wamsaidie kueleza hali yake kwa msajili.

Kama mwenzako aliwahi kufunga ndoa, iombe hukumu ya talaka uione kwa macho yako. Isome, au tafuta wa kukusomea. Angalia kama ni ya mwisho, si ya muda inayosubiri hatua nyingine. Wapo watakaokuambia kwamba kumwomba mtu karatasi ni kumkosea imani. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayekupenda na aliyemaliza mambo yake hatakasirika kuombwa hati ambayo hata hivyo lazima aitoe bomani. Na anayekuja na sababu mpya kila ukiuliza, akisema karatasi ziko kwa wakili, kisha ziko posta, kisha zimepotea, huyo bado ana mambo hajayamaliza. Simamisha mipango mpaka ziwepo mezani.

Hati yoyote isiyo ya Kiswahili wala Kiingereza itahitaji tafsiri. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma ya kutafsiri hati na kuzithibitisha, na tafsiri yenye mhuri wake haibishaniwi hovyo. Tafsiri ya rafiki aliyesoma nje, hata iwe nzuri namna gani, haitapokelewa.

Siku 21

Ndoa ya serikali hufungwa na msajili wa wilaya, na mlango wa kuanzia kwa wengi ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya; ndiyo maana tunaiita ndoa ya bomani. Sheria inataka mtoe taarifa ya kusudio la kufunga ndoa angalau siku 21 kabla. Taarifa hiyo hubeba majina yenu, umri, mnakoishi, majina ya wazazi, kama mmewahi kufunga ndoa, na aina ya ndoa mnayokusudia. Kisha hutangazwa, ili mwenye sababu ya kisheria ya kuipinga ajitokeze: kwamba mmoja wenu tayari ana ndoa ya mke mmoja, kwamba ninyi ni ndugu wa damu wasioruhusiwa kuoana, na mengine ya namna hiyo. Mjomba asiyependa wageni hana pingamizi mbele ya sheria kwa sababu hiyo peke yake.

Hapa ndipo likizo za watu huharibika. Mwenzako ana likizo ya wiki mbili, anatua Dar es Salaam Jumamosi, mnakwenda bomani Jumatatu, mnaambiwa siku 21. Kwa hiyo, kabla hajakata tiketi, nenda mwenyewe ofisini uulize jambo moja waziwazi: taarifa inahitaji sahihi za pande zote mbili, je, sahihi ya mwenzangu mnaipokea ikitumwa kabla hajafika, au lazima awepo? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama wiki mbili zinatosha au anahitaji zaidi ya wiki tatu. Uliza na jina la ofisa aliyekujibu, uliandike. Sheria inatoa nafasi ya kuomba kibali cha kufunga ndoa bila kusubiri siku hizo kama kuna sababu nzito, lakini kujenga mpango mzima juu ya kibali hicho ni kujitafutia presha.

Nje ya ofisi yoyote yenye foleni hawakosekani vishoka. Kijana nadhifu mwenye bahasha ya kaki atakuambia anamjua mtu ndani, ndoa yako inafungwa Ijumaa, siku 21 ni za wasiojua mji. Mpite. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, na risiti inatoka kwa jina lako. Ukiambiwa utoe taslimu mkononi bila namba, au cheti kiletwe nyumbani bila ninyi kusimama mbele ya msajili, unachonunua ni karatasi ya bandia, na itakuja kugundulika siku mbaya kuliko zote, siku ubalozi utakapoandika kuiuliza.

Wazee

Kufunga ndoa bomani hakumaanishi kuwaruka wazazi. Mlete mwenzako nyumbani. Kama kwenu kuna mshenga, tafuteni mshenga, hata awe rafiki yake wa kazini anayejua Kiswahili na adabu za kukaa jamvini. Mwambie mapema avue viatu mlangoni, asalimie kwanza wakubwa, na asianze yeye kutaja fedha. Kuhusu mahari, sheria iko wazi kwamba kutokulipwa kwake hakubatilishi ndoa. Lakini kwa familia nyingi mahari ni heshima ya wazazi, na mgeni akielezwa hivyo kwa utulivu huelewa. Kinachomuudhi ni kushtukizwa orodha siku ya mwisho, ng'ombe wakiwa wameongezeka kwa sababu tu anatoka Ulaya. Hilo mzuie wewe, mtoto wa nyumba. Waambie wazee wako kwamba mgeni ni kama mkwe mwingine yeyote.

Wazazi wa mwenzako nao wanahitaji kujuliana hali na ninyi. Kama hawawezi kusafiri, pigeni simu ya video siku moja jioni, baba zako na mama zako wakiwa wamekaa, kila mmoja amwone mwenziwe. Hilo halina gharama, na hupunguza maneno mengi ya baadaye.

Kwa upande wa dini, onana na padri, mchungaji au sheikh wako kabla ya kwenda bomani, si baada. Mkristo anaweza kutaka ndoa ibarikiwe baadaye, na Mwislamu anaweza kuona kwamba bila nikahi moyo hautatulia. Ulizeni itafanyikaje bila kuishia na vyeti viwili vyenye tarehe mbili, maana ofisi za nje zitauliza ndoa ni ipi.

Siku yenyewe

Mnahitaji mashahidi wawili. Chagua watu wazima, wenye vitambulisho mkononi, na wasiochelewa. Kama mwenzako hajui Kiswahili vizuri, omba mapema shughuli iendeshwe kwa lugha anayoielewa au aje mkalimani, kwa sababu ndoa ni hiari ya watu wawili na hiari haipo pale mtu anapoitikia asichokielewa. Msajili atahakikisha kwamba kila mmoja amekuja kwa ridhaa yake, mtatamka mbele yake na mbele ya mashahidi, kisha mtatia sahihi.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, someni. Shikeni pasipoti zenu wazi, mlinganishe kila herufi ya jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali, uraia, hali ya ndoa ya awali, na aina ya ndoa. Msione haya kumchelewesha ofisa dakika tano. Tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa, 04/11 ikawa 11/04, inarekebishwa kwa sekunde kabla ya sahihi. Ukiigundua baada ya cheti kutoka, ni barua, kiapo na kusubiri.

Baada ya hapo mko huru. Gauni la kawaida linatosha, shati safi linatosha. Pilau kwa mama na majirani, picha chache chini ya mti wa boma, basi. Hamna deni la ukumbi, hamna kamati, hamna kumpigia mtu simu kumkumbusha mchango. Kama mnapenda sherehe kubwa, ifanyeni mwaka ujao ndugu wa pande zote mbili wakiwa na nauli.

Baada ya cheti

Cheti kikikaa tu kabatini hakitambuliki nje. Ili kitumike nchi nyingine, kwa kawaida kitahitaji kuthibitishwa na RITA, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho ubalozi wa nchi husika. Ulizeni ubalozi mpangilio wanaoutaka kabla ya kuanza kupanga foleni. Omba nakala zilizothibitishwa zaidi ya moja wakati ungali mjini.

Kama mnahamia kwao, ndoa haiwi visa. Mke au mume wa Mjerumani kwa kawaida hutakiwa kuonyesha Kijerumani cha kiwango cha A1, kwa hiyo anza masomo wakati mnangoja karatasi. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam. Kwa Marekani, mwenza raia ndiye anayewasilisha ombi la I-130, na watataka kuona kwamba uhusiano ni wa kweli: picha za miaka tofauti, tiketi za safari, mawasiliano. Msiyafute.

Kama mnabaki hapa, visa ya matembezi haigeuki kuwa kibali cha kuishi kwa sababu mmeoana. Nendeni Uhamiaji mkaombe kibali cha mwenza, na mkumbuke kwamba ruhusa ya kufanya kazi ni jambo jingine. Uraia una sheria yake ya 1995: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba kwa msingi wa ndoa hiyo, lakini mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hupita njia ndefu ya tajnisi kama mgeni mwingine yeyote. Naona ni dhuluma kwa dada zetu, na nasema hivyo bila kuficha. Kwa Mtanzania mwenyewe, kuolewa au kuoa mgeni hakumvui uraia. Kuchukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine ndiko kunakomvua.

La mwisho ni ardhi, nalo linaweza kuvunja ndoa ya namna hii. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo fedha ikitoka kwa mwenzako na kiwanja kikinunuliwa Bagamoyo au Usa River, hati itakuwa na jina lako, au, mbaya zaidi, jina la kaka yako. Ni haki mwenzako alijue hilo kabla hajatuma hata shilingi. Andikeni kwa wakili nani ametoa nini. Nawe uliyekaa nyumbani ukalea watoto na kusimamia ujenzi, usidhani huna chako: tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Na nyumba mnayoishi kama mke na mume haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani kihalali na mmoja bila ridhaa ya mwingine.

Wiki hii, kabla hujanunua pete wala kitambaa, nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya unakoishi, uombe orodha yao ya karatasi kwa maandishi, uipige picha, umtumie mwenzako siku hiyo hiyo.